UZI: Kipimo kimesema "hakuna". Kiliangalia nini hasa? Panya buku, hadubini na mashine za kifua kikuu

MzeeWaSlaidi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye kundi la ukoo kaletwa panya. Picha ya panya mkubwa kavishwa medali ya dhahabu, chini imeandikwa "Panya wa Morogoro anapima TB kuliko daktari". Shangazi akacheka, mjomba akasema uongo wa mitandao, kijana mmoja akasema Wazungu wanatutania. Mimi nimekaa maabara miaka ishirini na mbili, mingi nikiwa nimeinamia makohozi ya watu, na nipo Morogoro hapahapa. Nikaona niandikie huku. Kule ukoo ukizidisha mistari mitano unaambiwa unahutubia.

Tuanze na medali. Ni ya kweli, ila haihusu TB. Panya yule aliitwa Magawa, mzaliwa wa Tanzania, na kazi yake ilikuwa kunusa mabomu ya ardhini kule Kambodia. Septemba 2020 shirika la hisani la wanyama la Uingereza, PDSA, lilimpa medali, panya wa kwanza kuipata. Mpaka anastaafu alikuwa amebaini mabomu 71 na vilipuzi vingine 38. Alikufa Januari 2022. Mashine ya kutafuta chuma hulia kwa kila msumari na kila kizibo cha soda kilichozikwa. Panya hana habari na vizibo, ananusa kemikali ya mlipuko yenyewe. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi anamaliza kwa nusu saa, mtu mwenye mashine anaweza kuchukua hadi siku nne. Na ni mwepesi, akikanyaga bomu halilipuki.

Shirika linalowafunza ni APOPO. Mwanzilishi wake ni Mbelgiji, Bart Weetjens, na tangu 2000 mafunzo yanafanyika hapa SUA, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya wenyewe ni panya buku, hawahawa ambao huko vijijini wakikamatwa shambani wanaishia sufuriani.

Sasa TB. Hawapimi watu, wanapima makohozi. Kwanza vimelea huuawa kwa joto ili mtu asiambukizwe. Kisha sampuli kumi zinapangwa chini ya kizimba cha kioo chenye matundu kumi sakafuni, na mfunzaji anafunua tundu moja moja. Panya akipita moja kwa moja, hana la kusema. Akituliza pua tunduni sekunde kama tatu, amesema. Bakteria wa kifua kikuu wana harufu zao, na pua ile inazichambua. Sampuli mia moja zinaisha kwa dakika ishirini. Mimi na hadubini yangu, slaidi ishirini hadi ishirini na tano kwa siku, zaidi ya hapo macho yanaanza kudanganya. Piga hesabu.

Nisichokubaliana nacho ni yale maneno "kuliko daktari". Nitaeleza nikitoka kazini.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Mkuu, umeandika vizuri ila tuwe wakweli. Panya anapewa ndizi ili atulize pua. Mimi nikipewa ndizi nitatuliza pua hata kwenye tundu la choo. Anajuaje?

---

NawekaKambi

Naweka kambi hapa. Tiririka mzee.

---

MzeeWaSlaidi

Kisiki, swali lako ndilo la maana kuliko yote na nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Iko hivi. Sampuli nyingi zinatoka zahanati na hospitali ambako zimeshapimwa kwa hadubini. Kwa hiyo kati ya zile zinazopelekwa kwa panya, zimo ambazo zahanati imeshathibitisha zina TB. Panya akituliza pua kwenye hizo, kifaa kinalia "klik", anapewa ndizi ya kupondwa. Akituliza pua kwenye sampuli ambayo zahanati ilisema haina kitu, HAPEWI. Mfunzaji anaandika tu. Panya akizoea kubahatisha atashinda njaa.

Na zile alizoonyesha ambazo zahanati ilisema hazina, hizo ndizo zilizofanya kazi hii iwepo. Zinarudiwa na binadamu, kwa hadubini ya mwanga maalumu au kwa mashine. Zikithibitika ndipo mgonjwa anatafutwa. Neno la panya peke yake halimwanzishii mtu dawa, na WHO (Shirika la Afya Duniani) haijaidhinisha panya kuwa kipimo cha kusimama peke yake. Panya anasema "rudia hii". Basi. Hata hivyo mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa makohozi ya watoto wa hapa Tanzania, na baada ya panya kupita, idadi ya watoto waliothibitika kuwa na TB iliongezeka kwa karibu theluthi mbili ya wale waliokuwa wameonekana zahanati. Wale watoto walikuwa wamesharudishwa nyumbani na karatasi isiyo na kitu.

Utauliza, sisi wa hadubini tulikuwa tumelala? Hapana. Na hili ndilo nimefungulia uzi.

Robert Koch alitangaza bakteria wa kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani ni hiyo. Muda mfupi baadaye Wajerumani wengine wawili, Ziehl na Neelsen, wakatuachia namna ya kumpaka rangi: unamwagia rangi nyekundu, unapasha moto, unaosha kwa asidi na spiriti, kila kitu kinapauka isipokuwa yeye, maana ana ngozi ya nta. Kisha unamwaga rangi ya buluu nyuma yake. Kijiti chekundu kwenye uwanja wa buluu. Nimefundishwa hivyo chuoni, na leo mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anakuja ananikuta nafanya vilevile, zaidi ya miaka mia na arobaini baadaye.

Lakini ili nimwone, mililita moja ya makohozi lazima iwe na bakteria kama 5,000 hadi 10,000. Wakiwa 3,000 nitatazama sehemu mia za slaidi, nitaandika "hakuna", na nitakuwa sijadanganya. Sijawaona. Hadubini inaweza kukosa karibu nusu ya wagonjwa, na wanaokoswa zaidi ni watoto na wenye VVU, kwa sababu makohozi yao yana bakteria wachache.

Kwa hiyo karatasi yangu ikiandikwa "hakuna", isomeke "wapo chini ya elfu tano, au hawapo kabisa, sijui kipi". Hatuandiki hivyo. Nafasi kwenye fomu ni ndogo.

---

BukobaKahawa

Mtaalamu, hii inanikumbusha kipimo cha malaria cha haraka. Mwanangu alitibiwa, akapona, wiki mbili baadaye kapimwa tena mstari ukatokea. Mama yake akataka apewe dawa upya. Mhudumu akatuambia si malaria mpya. Sikuelewa mpaka leo.

---

MzeeWaSlaidi

Alikuwa sahihi. Kile kipimo hakioni mdudu, kinaona protini anayoitoa, inaitwa HRP2, na protini hiyo inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Ni kama kuona majivu ukasema moto unawaka. Kinyume chake kilitokea Eritrea: vimelea wengi kule walikuwa wamepoteza jeni ya kutengeneza hiyo protini. Mgonjwa anaungua homa, damu imejaa vimelea, kipimo kinasema hana. Mwaka 2016 nchi ikabadilisha aina ya kipimo.

Kila chombo kina kitu chake kimoja kinachokiona. Swali la kwanza kwa fundi yeyote wa vipimo liwe hilo: hiki kinaona nini?

---

BintiMlandege

Samahani kaka, naomba msaada. Niko Iringa. Baba ana miaka 64, anakohoa mwezi wa pili sasa, amekonda, usiku analowa jasho. Zahanati moja hapa wamempima makohozi mara mbili kwa hadubini, wamesema hakuna TB, wakampa vidonge vya kikohozi. Amemaliza, bado. Nimesoma hapa nimeogopa.

---

MzeeWaSlaidi

Dada, pole. Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, kwa hiyo nachukua upande wangu tu.

Mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa, uombe makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert, na kama kuna eksirei ya kifua apigwe. Vipimo vya TB vituo vya serikali ni bure. Ukifika waambie muda wa kikohozi, jasho na kukonda, kwa mpangilio huohuo ulioniandikia.

Na makohozi yawe makohozi. Nusu ya vikopo ninavyopokea ni mate. Aamke alfajiri, asuuze mdomo kwa maji matupu, atoke nje penye hewa mbali na watu, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, ndipo akohoe kutoka chini ya kifua. Kizito, si maji. Mashine ya mamilioni haiwezi kupata TB kwenye mate.

Swali moja: baba amewahi kuugua TB zamani?

---

Kisiki_cha_Mpingo

Hiyo GeneXpert inafanyaje kazi mpaka iwe bora kuliko macho yako na pua ya panya?

---

MzeeWaSlaidi

Inahesabu kwa kuzidisha. Ndani ya katriji, yaani kikasha kinachoingizwa kwenye mashine, makohozi yanachanganywa na dawa, bakteria anapasuliwa, DNA yake inatolewa, halafu kipande kimoja cha DNA kinanakiliwa: kimoja kinakuwa viwili, viwili vinne, vinne vinane. Mara thelathini za namna hiyo unapata zaidi ya bilioni moja. Kitu ambacho hakikuwa kinaonekana sasa kinawaka taa. Mbinu hiyo ni ya Kary Mullis, Mmarekani, aliipata 1983 na Nobel akaichukua 1993. Na kimeng'enya kinachonakili bila kuharibiwa na moto asili yake ni bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, waliokusanywa miaka ya 1960 na mtu ambaye hakuwa na habari kabisa na TB.

Hata mashine yenyewe haikuanza na sisi. Mwaka 2001 kule Marekani watu walitumiwa barua zenye vimelea vya kimeta. Baada ya hapo, posta yao ilitaka chombo cha kunusa kimeta ndani ya mitambo ya kuchambulia barua, na teknolojia hii ikafungwa humo. WHO ikaikubali kwa TB Desemba 2010. Katriji ya kwanza iliona hadi bakteria kama 130 kwa mililita. Ya sasa, Ultra, kama 16. Mimi 5,000, yenyewe 16. Tena ndani ya saa mbili inakwambia kama bakteria ana usugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB, jambo ambalo mimi sitaliona hata nikeshe, na panya hatalinusa.

Gharama sasa. Katriji moja kwa nchi zetu ilikuwa karibu dola 10 kwa miaka mingi, 2023 ikashuka hadi 7.97. Inataka umeme, inataka kiyoyozi, na moduli (zile nafasi za kupimia katriji) zikifa zinasubiri fundi. Nimewahi kukaa na mashine ya nafasi nne ikiwa na nafasi moja inayofanya kazi, foleni ya vikopo imefika kwenye friji ya pili. Siku hiyo ningewaomba panya waje hata kwa bodaboda. Sampuli mia kwa dakika ishirini ni mchujo: wape panya mia, wakurudishie zile za kurudiwa, hizo zipe katriji.

---

MtotoWaFizikia

Mzee naomba niingilie, kwa sababu sisi wa fizikia tuna ugonjwa huohuo. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO Marekani ilinasa mawimbi ya mvutano, yaani mtikisiko wa anga lenyewe, kwa mara ya kwanza. Kila mtambo una mikono miwili ya kilomita nne, na walichopima ni mkono kubadilika urefu kwa kiasi kidogo mno kuliko upana wa protoni, chembe ya ndani ya atomu. Kwa kipimo hicho lori likipita barabarani ni tetemeko. Utajuaje kwamba ulichonasa si lori?

Walijenga miwili. Mmoja Hanford, mwingine Livingston, karibu kilomita 3,000 kati yao. Ishara ilifika mmoja, milisekunde saba baadaye ikafika wa pili, umbo lilelile. Lori halipiti sehemu mbili kwa wakati mmoja. Hata hivyo walikagua miezi kadhaa, wakatangaza Februari 2016. Wenyewe walishawahi kupandikiziwa ishara bandia kwa siri ili ionekane kama kweli wako macho, ndiyo maana hawakuamini haraka.

---

MzeeWaSlaidi

Safi sana. Panya nao hivyo hivyo, sampuli moja hupitiwa na panya zaidi ya mmoja. Na mfano wa ishara bandia umenigusa, sisi pia tunaletewa slaidi ambazo majibu yake aliyeleta anayajua. Siku zinakuja bila taarifa, huwa nasikia tumbo.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Sawa nimekubali panya. Ila kwa maelezo yako, hadubini itupwe basi. Tununue Ultra kila kata.

---

MzeeWaSlaidi

Hapana mkuu, na hapa ndipo vijana wanapokosea. Ultra inaona DNA. DNA ya bakteria aliyekufa ni DNA. Mgonjwa akiwa mwezi wa pili wa dawa, bakteria wanakufa kwa maelfu na mizoga inatoka na makohozi. Ukimpima kwa mashine itasema wapo, utadhani dawa zimeshindwa. Ndiyo maana maendeleo ya mgonjwa aliye kwenye dawa tunafuatilia kwa hadubini, au tunaotesha. Chombo cha 1882 kinafanya kazi ambayo Ultra ya 2017 haipaswi kupewa.

Kuotesha ndiyo rufaa ya mwisho. Unampa bakteria chakula na joto, unasubiri. Maiti haioti. Akiota, yu hai, hakuna ubishi. Tatizo lake ni kalenda: anagawanyika mara moja kwa karibu saa ishirini, wakati bakteria wa kawaida wa tumboni anagawanyika kila dakika ishirini. Chupa yenye chakula cha majimaji cha bakteria tunaisubiri siku 42 kabla ya kuandika haina kitu.

Mwaka 2023 WHO ilikadiria watu milioni 10.8 waliugua TB duniani. Waliogunduliwa na kuandikishwa ni milioni 8.2. Hao wengine milioni mbili na ushee wapo mahali wanakohoa. Wengine hawakufika kituoni kabisa, na hao hakuna katriji wala panya atakayewaona. Wengine walifika. Walitoa makohozi. Wana karatasi.

---

NawekaKambi

"Wana karatasi." Mzee umenimaliza.

---

BukobaKahawa

BintiMlandege, baba vipi?

---

BintiMlandege

Asanteni kwa kuuliza. Tumeenda hospitali Jumatatu, alitoa makohozi kama kaka alivyoelekeza, mazito. Majibu yametoka. Imeandikwa MTB imeonekana, kiwango ni "trace", na kwenye rifampisini imeandikwa haijulikani. Daktari amesema tusubiri kwanza, hajamwanzishia dawa, wakati mashine imeona! Nimechanganyikiwa. Ndugu wanasema tuhamie hospitali nyingine.

---

MzeeWaSlaidi

Dada, msihame. Nilikuuliza swali juzi hukulijibu. Baba amewahi kuugua TB?

---

BintiMlandege

Samahani sikuliona. Ndiyo. 2021, alikuwa kwa kaka yetu Mbeya, alimeza dawa miezi sita akamaliza.

---

MzeeWaSlaidi

Haya. Daktari wako anajua anachofanya.

MTB ni bakteria wa TB. "Trace" ni ngazi ya chini kabisa ya Ultra. Maana yake imegusa DNA kidogo sana, kidogo mpaka haikuweza kusoma sehemu ya usugu, ndiyo maana rifampisini imeandikwa haijulikani. Kwa mtu ambaye hajawahi kuugua tungekuwa na maneno mengine. Kwa mtu aliyeugua 2021, inawezekana ni mabaki ya vita ya zamani, maana mizoga inaweza kukaa kifuani miaka. Inawezekana pia ugonjwa umerudi na ndio unaanza. Mashine haiwezi kutofautisha. Mimi nisingeweza. Panya sijui angefanya nini, na sitaki kubahatisha kwa baba wa mtu.

Muulize daktari mambo mawili: eksirei inaonyesha nini, ikilinganishwa na ya 2021 kama ipo, na kama makohozi yamepelekwa kuoteshwa. Kaka yako atafute kadi ya matibabu ya Mbeya. Na baba akizidiwa kabla ya majibu, akitema damu au kupumua kwa shida, mrudisheni siku hiyohiyo, msisubiri tarehe.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakikuona kitu, cha pili kimeona sana. Aisee.

---

BintiMlandege

Eksirei kaka ameipata, ya 2021, ilikuwa chini ya godoro imekunjwa. Naipeleka leo. Makohozi mengine wamechukua asubuhi kwa ajili ya kuotesha, wamesema hadi wiki sita. Baba anauliza kama anaweza kurudi shambani wakati anasubiri.

---

MzeeWaSlaidi

Shamba ni hewa, aende kama nguvu anazo. Nyumbani alale chumba chake, dirisha wazi. Wiki sita zikifika njoo uandike hapa, uzi sitaufunga.